MOTOKAA YA NG'AMBO NA AKIBA YA MFANYAKAZI

Siku hizi si ajabu kumkuta mfanyakazi wa Tanga, awe mwalimu wa Pangani, karani wa Chumbageni au mchukuzi wa bandarini, ameketi barazani jioni na simu mkononi, akizitazama picha za motokaa zilizopangwa katika viwanja vya Yokohama na Nagoya. Huchagua rangi, huuliza bei, hupeleka fedha kwa njia ya benki, kisha hungoja. Jambo hili limefanywa na watu wengi hata laonekana jepesi. Lakini sisi twaona ya kuwa mtu anayepeleka akiba ya miaka mitano kwa mwuzaji asiyemjua, katika nchi asiyopata kuikanyaga, ili anunue chombo asichopata kukigusa, afanya jambo lililo zito kuliko kununua shamba. Shamba huliendea ukalikagua kwa miguu yako. Motokaa ya ng'ambo waikagua kwa picha.

Basi leo twapenda kulieleza jambo hili kinaganaga, kwa faida ya wanachama na wafanyakazi wote wa pwani hii ya kaskazini, ili asiwepo mtu atakayepoteza kwa siku moja kile alichokichuma kwa miaka mingi.

SI JAMBO GENI

Kuagiza vitu vya mbali kwa njia ya bahari si jambo geni kwetu. Mkonge wenyewe, uliolifanya jina la Tanga lijulikane duniani, uliingia nchini hivyo hivyo. Mtaalamu wa Kijerumani aliyeitwa Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Miche ile ilisafirishwa kupitia Hamburg, na ilipowasili mwaka 1893 mingi ilikuwa imekwisha kufa. Iliyobaki hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Mashamba makubwa yaliyoenea baadaye kutoka Muheza mpaka Korogwe yalitokana na miche hiyo michache. Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, anayeagiza kitu cha mbali yampasa ahesabu pia kile kitakachoharibika njiani. La pili, mwagizaji wa wakati ule alikuwa na kampuni nyuma yake, naye aliweza kupoteza miche 938 asifilisike. Mfanyakazi wetu anayo motokaa moja tu. Ikiharibika hiyo, hana ya pili.

Motokaa nazo zilianza kuletwa kwa agizo tangu zamani. Mwaka 1907 afisa wa Kijerumani aliyeitwa Paul Graetz aliletewa Dar es Salaam gari lililotengenezwa makusudi kwa ajili yake huko Ujerumani. Aliondoka nalo mwezi wa Agosti mwaka huo, akaikata Afrika mpaka pwani ya magharibi, akafika Swakopmund mwezi wa Mei 1909. Safari ile ilichukua karibu miezi 21, na kabla ya kuondoka ilikuwa lazima petroli na vifaa viwekwe mbele katika vituo vya njiani. Hata mtu yule, aliyekuwa na fedha na dola nyuma yake, alijua ya kuwa gari bila vipuri ni mzigo wa chuma.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Kwa miaka mingi uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, na fedha za kigeni ziligawiwa kwa mpango. Mwananchi wa kawaida hakuweza kuamka asubuhi akaagiza gari lake. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Tangu hapo, na zaidi tangu ilipokuja intaneti, mlango huo umekuwa lango kubwa. Waliopita humo wengi wamefaidika. Wako pia waliopita humo wakatoka mikono mitupu.

KWA NINI JAPANI?

Wengi huuliza kwa nini magari mengi yanayotembea katika barabara zetu yametumika kwanza Japani. Sababu ya kwanza ni kwamba Wajapani, kama sisi, hupita upande wa kushoto wa barabara, hivyo usukani wao upo kulia kama wetu. Sababu ya pili ni sheria yao ya ukaguzi, uitwao kwa lugha yao shaken. Gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Na ukaguzi huo una gharama kubwa. Mwenye gari anapoona gharama yakaribia, aghalabu huona afadhali auze, anunue jingine. Magari hayo hupelekwa mnadani, na huko kila moja hupewa karatasi yenye alama za hali yake. Alama kubwa ni hali njema. Herufi R huonyesha gari lililopata ajali likatengenezwa.

Karatasi hiyo ya mnada ni jambo ambalo wanunuzi wetu wengi hawaliulizi. Huridhika na picha inayong'aa. Twawasihi wasiridhike. Muulizeni mwuzaji karatasi ya mnada, na namba ya chesisi, na mwaka ambao gari lilitengenezwa, wala si mwaka lilipoandikishwa tu, kwani miaka hiyo miwili huweza kutofautiana, na tofauti hiyo mtailipia bandarini. Tena ulizeni gari lilitumika sehemu gani. Mikoa ya kaskazini mwa Japani ina theluji nyingi, na barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hula chuma cha chini ya gari. Gari la namna hiyo likija kuishi Raskazone, karibu na upepo wa bahari yetu, kutu huendelea pale ilipoachia.

NJIA YA MOTOKAA

Bei inayoandikwa chini ya picha mara nyingi ni bei ya gari likiwa bado katika bandari ya kwao. Juu yake huongezwa nauli ya meli na bima, ndipo ipatikane bei ya gari likiwa limefika bandari yetu. Mwananchi asiyejua tofauti hii hudhani amepata kitu rahisi, kumbe ameona nusu ya hesabu. Baada ya fedha kulipwa, gari hupakiwa melini, na mwenye mali hutumiwa hati ya shehena. Hati hiyo ndiyo ushahidi ya kuwa gari ni lako. Bila hiyo wakala wa forodha hawezi kukutolea kitu. Safari kutoka Japani mpaka pwani yetu huchukua kiasi cha mwezi mmoja na zaidi, kwa kadiri meli inavyozunguka bandari nyingine.

Wako wanaokataa kulipa bima ili kuokoa fedha kidogo. Tuwakumbushe habari ya meli iliyoitwa Felicity Ace. Mwezi wa Februari 2022 meli hiyo ilikuwa ikitoka Ujerumani kwenda Marekani, imepakia magari yapatayo 4,000, na mengine yalikuwa ya thamani kubwa sana. Iliwaka moto katika bahari ya Atlantiki. Mabaharia wote 22 waliokolewa, lakini meli yenyewe ilizama tarehe 1 Machi karibu na visiwa vya Azores, na magari yote yakaenda chini. Kama ajali ya namna hiyo yaweza kuwapata matajiri wenye meli za kisasa, mfanyakazi mwenye gari moja asiseme bima ni anasa.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko moto ni wizi wa maneno matamu. Wako wadanganyifu wanaofungua kampuni za uongo, wakaiba picha za magari ya wengine, wakaandika bei ndogo, wakamhimiza mnunuzi alipe leo kwa sababu kesho gari litachukuliwa na mtu mwingine. Ukiona bei iko chini mno kuliko ya wenzao wote, au ukiona kampuni yajiita ya Japani lakini yataka fedha zako zipelekwe katika akaunti ya mtu binafsi au ya nchi nyingine kabisa, funga mkoba wako. Fedha zikishatoka benki na kuvuka bahari, kuzirudisha ni kazi kubwa, na mara nyingi hazirudi. Kuuliza si ujinga: waulizeni waliokwisha kununua, tena si mmoja, bali watatu au wanne.

HESABU YA FORODHA

Hapa ndipo wengi wanapolia. Twapenda kuweka mfano ulio wazi. Tuseme gari dogo lenye injini ya ukubwa wa kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000 limefika bandarini, na thamani yake pamoja na nauli na bima ni shilingi milioni 10. Kwa viwango vilivyotumika katika miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani shilingi milioni 2 na nusu. Sasa thamani imekuwa milioni 12 na nusu. Juu ya hiyo hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, yaani shilingi 625,000. Kisha juu ya jumla yote huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani shilingi 2,362,500. Jumla ya mambo hayo matatu ni shilingi 5,487,500, mbali na tozo ndogo ndogo, malipo ya wakala na gharama za bandari.

Sasa tuseme gari hilo hilo limepita miaka 10 tangu kutengenezwa. Hapo huongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, yaani shilingi 3,750,000, na kodi ya ongezeko la thamani nayo hupanda kwa kuwa jumla imepanda. Hesabu yote yafika shilingi 9,912,500. Maana yake, gari la milioni 10 limekuwa karibu la milioni 20, na uzee peke yake umeongeza zaidi ya shilingi milioni 4. Tena ieleweke ya kuwa Mamlaka ya Mapato haiishii kwenye risiti ya mnunuzi. Inayo orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika, na hiyo ndiyo huitazama. Mtu anayepatana na mwuzaji waandike bei ya uongo ili alipe kidogo, ajidanganya mwenyewe na kuiibia nchi yake.

Mamlaka hiyo imeweka kikokotoo chake wazi katika intaneti. Mtu huandika aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, akaonyeshwa kodi atakayodaiwa, kabla hajapeleka hata senti moja. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Hata hivyo wako watu ambao magari yao yamekaa bandarini wiki baada ya wiki, gharama za kuyahifadhi zikiongezeka, kwa sababu hesabu hii waliifanya baada ya meli kufika na si kabla. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MOTOKAA ZA ZAMANI

Liko kundi jingine ambalo hupenda motokaa za zamani kwa sababu ya uzee wenyewe: Land Rover za mashamba ya mkonge, Peugeot 404, Volkswagen za mgongo wa kobe. Wengine sasa huziagiza kutoka Uingereza na kwingineko. Sisi hatuwacheki. Motokaa hizo ni sehemu ya historia ya Afrika Mashariki. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966 mpaka 1968. Na mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo lililokwisha kutumika katika mbio za mwaka uliotangulia, wakawashinda wenye magari mapya. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yamehifadhiwa magari ya zamani yaliyotumiwa na viongozi wetu, na vijana wakiyatazama hujifunza mambo ambayo kitabu peke yake hakiyaelezi.

Lakini gari la kuhifadhi historia na gari la kutafutia riziki ni vitu viwili mbalimbali. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu gari lililopita miaka 8 kuingia nchini mwao, na Uganda tangu mwaka 2018 imeweka mpaka wa miaka 15. Sisi hatukufunga mlango. Tumeweka ushuru mlangoni. Basi mwenye fedha zake za ziada, akitaka gari la mwaka 1965, na alipe ushuru wake na alitunze vizuri. Ila mfanyakazi anayetaka kuchukua abiria kutoka Muheza hadi Korogwe, asivutwe na sifa za kale. Achague aina ambayo vipuri vyake vyapatikana Ngamiani, na ambayo mafundi wetu waijua. Gari ambalo hakuna fundi wa hapa anayelijua hukaa kwenye matofali, na kuku wakataga ndani yake.

BANDARI YETU

Kwa miaka mingi mwananchi wa Tanga aliyeagiza gari aliliendea Dar es Salaam, ingawa nyumba yake ilitazamana na bahari. Sababu yajulikana. Gati letu lilikuwa na kina kidogo. Meli kubwa zilitia nanga mbali, na shehena ililetwa pwani kwa matishari, kazi iliyokawia na kuongeza gharama. Kati ya mwaka 2019 na 2023 serikali ilitumia shilingi bilioni 429.1 kuchimba mlango wa bandari kutoka mita 3 hadi mita 13 na kujenga upya magati mawili yenye urefu wa mita 450. Sasa meli kubwa huegesha gatini, na meli za magari nazo zimekwisha kutia gati pale.

Tanga ndiyo iliyoanza kuwa na reli nchini, mwaka 1893, na wachukuzi wa bandari hii walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza kugoma wakidai ujira wa haki, mwezi wa Agosti 1939. Ni haki basi bandari hii iwe na kazi za kutosha. Lakini bandari haiendeshwi kwa kina cha maji peke yake. Mwenye gari akikuta karatasi zake zimekaa mezani siku kumi bila sababu, au akadokezwa ya kuwa mambo yatakwenda upesi akitoa chochote, mwakani atalipeleka gari lake Dar es Salaam, na kazi itakwenda huko pamoja nalo. Twasema hivi kwa ndugu zetu wa bandarini na wa forodhani bila kuficha: haraka na uaminifu wenu ndio utakaowapa watoto wenu kazi katika gati hilo.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tununue pamoja. Vyama vya akiba na mikopo vipo katika shule, viwanda na mashamba yetu. Watu ishirini wanaonuia kununua magari wakiunda kamati ya watu watatu wenye maarifa, wakachunguza wauzaji, wakaajiri wakala mmoja wa forodha kwa mapatano ya maandishi, hawatatapeliwa kwa wepesi kama mtu mmoja mmoja aliyejifungia chumbani na simu yake. Matawi ya Chama nayo yaweza kuwaita maofisa wa Mamlaka ya Mapato na wa Shirika la Viwango waje kuwaeleza wananchi taratibu za kodi na za ukaguzi. Hilo ni jambo la mchana mmoja.

Pili, twaomba ushuru wa uchakavu utazamwe tena. Hatusemi ufutwe. Nia yake ni njema: nchi isigeuzwe jaa la vyuma vya wengine, na hewa na barabara zetu zilindwe. Lakini haki itazamwe pia. Tajiri hununua gari la miaka mitatu, haguswi na ushuru huo. Mwalimu hununua la miaka kumi na mmoja kwa sababu ndilo analoliweza, naye ndiye anayelipa asilimia 30 ya nyongeza. Chombo kinachonunuliwa na ushirika kwa kazi ya kuwahudumia watu, kikikaguliwa kikaonekana kizima, kingestahili kufikiriwa mbali na gari la fahari. Wabunge wetu wa mkoa huu na walipeleke neno hilo panapohusika kabla ya bajeti kusomwa.

Tatu, tusisahau ya kuwa kila motokaa inayoshuka gatini ni fedha ya kigeni iliyokwisha kupanda meli kwenda ng'ambo. Fedha hiyo ilitokana na mkonge, korosho, dhahabu na kazi za watu wetu. Kule Kibaha taifa lilianzisha kiwanda cha Nyumbu ili tujifunze kutengeneza magari yetu wenyewe, na Kibaha hiyo hiyo magari ya mizigo yameunganishwa kwa mikono ya Watanzania. Vijana wanaofundishwa ufundi katika vyuo vyetu wapewe zana za kisasa, ili gari likifika lidumu miaka ishirini badala ya mitano. Gari linalodumu mara nne zaidi hupunguza mara nne haja ya kuagiza jingine.

Mji wetu wa Tanga wajulikana kwa baiskeli, na hakuna aibu katika baiskeli. Afadhali mtu aendeshe baiskeli yake kwa amani mwaka mmoja zaidi huku akiongeza akiba na kuuliza maswali, kuliko kuharakia motokaa ambayo deni lake litamfuata mpaka kustaafu. Atakayeamua kununua, na aanze na kalamu na karatasi: bei, nauli, bima, ushuru, wakala, namba na vipuri. Jumla ikiwa ndani ya uwezo wake, aagize, nasi twamwombea meli ifike salama. Jumla ikizidi, angoje, maana magari ya Yokohama hayataisha mwaka huu.